Mpaka Chura Aache Kutetemeka

Mkata akala wa pale sokoni Bungoma huchovya kisu kwenye maji ya sabuni kabla ya kukipitisha kwenye tairi, kwa sababu kisu kikavu kikiingia kwenye raba kinakwama tu. Nilikuwa nimesimama mbele yake na vipande viwili vya chuma mkononi, nikimweleza unene ninaoutaka, na kisu kilipoanza kula tairi ile harufu ikapanda. Raba iliyokatwa sasa hivi, sabuni ya kipande, na moshi wa kitu ambacho hakijawaka. Nikashindwa kumaliza maneno. Mwanamke mzima, mkoba begani, nikalia mbele ya watu waliokuja kujipimia viatu.

"Umejikata, mama?" mzee akauliza. "Hizo vyuma ziko na makali, bana."

Nikamwambia ndiyo, nimejikata. Uongo mdogo, Mungu atanisamehe. Akanipa kitambaa nifunge kidole ambacho hakikuwa na kidonda chochote, nami nikakifunga.

Baba alitutoka majuzi, na gari lake limepata mnunuzi, mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya kizamani. Kijana fundi niliyempa kazi ya kuliwasha, kule nyumbani Kitale, alifungua bonneti akaniambia mauntingi zimekufa, lakini nisijali, siku hizi zinaagizwa kwa simu tu, zinatoka Uingereza kwenyewe. Nikamwambia sitaki za Uingereza. Raba nitaleta mimi. Aliniangalia akaona huyu mama ana kasoro mahali, na sikumlaumu.

Mliokulia Kitale wakati wangu huenda mnalikumbuka lile gari. Dogo, la kijani, la viti viwili, halina paa, na taa zake zimetokeza juu ya bonneti kama macho. Mtaa mzima wa msikitini ulikuwa ukiliita Chura. Mzungu mmoja wa mashamba ya kule wanakoita Kwanza alipouza kila alichokuwa nacho na kurudi kwao, alimwachia Baba, kwa kuwa Baba ndiye fundi pekee aliyeweza kulituliza. Huko lilikotoka lilikuwa gari la mashindano. Kwetu lilibeba mahindi, makaa na mimi.

Siku za soko tulikwenda nalo Kwanza, watu watatu kwenye viti viwili. Mimi nilikalia mto uliowekwa katikati, juu ya giaboksi, na matako yangu yalikuwa yakiiva kabla hatujafika. Baba upande mmoja, kimya. Mama upande wa pili, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, kuku miguuni, na kikombe cha chai mkononi. Mama alipenda kunywa chai ndani ya Chura. Alibeba thamosi, akamimina gari likiwa linakwenda, akanywa huku akiwapungia watu wa barabarani. "Nani mwingine Trans-Nzoia nzima anakunywa chai hivi?" alikuwa akisema. "Si ni mimi tu?"

Kwao Mama ni Mabanga, pale kabla hujaingia Bungoma. Alisilimu alipoolewa akaitwa Mariamu, lakini Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, aliendelea kumwita Nekesa. Mtaani walimwita Mama Zena, Zena nikiwa mimi. Alikuwa mcheshi hadi akawa anamchekesha Baba, na Baba hakuwa mtu wa kuchekeshwa na yeyote.

Kisha Chura akaanza kutetemeka. Baba alinionyesha sababu. Injini ya gari haikalii chuma juu ya chuma. Inakalia raba, moja kushoto na moja kulia, ili itetemeke peke yake isitetemeshe wenye gari. Raba hizo ndizo mauntingi, na za Chura zilikuwa zimezeeka, zikanywa oili, zikapasuka. Sasa kila injini ilipokohoa, tulikohoa sote. Vioo vilicheza. Meno yalicheza. Chai ya Mama ikawa inamwagikia leso.

Siku hizo hizo Mama akaanza kuumwa mgongo. Alikuwa akishika kiuno anapoinuka, kisha akawa haoni haya kuomba ashikwe. Wakubwa walizungumzia vipimo, walizungumzia mfupa, wakanyamaza nikiingia. Mimi nilikuwa nimeshajua ugonjwa wake. Chura ndiye aliyemtetemesha mpaka kutetemeka kukamwingia mwilini. Hakuna aliyenieleza vingine, na ungenipeleka mbele ya kadhi wakati ule ningeapa.

Ikaamuliwa aende kwao Mabanga, awe karibu na hospitali ya Lugulu na mama yake amuuguze. Mjomba Wafula akaja na pikapu ya kuazima, godoro limetandikwa nyuma. Baba alitaka ampeleke mwenyewe na Chura. Nakumbuka alivyosimama na ufunguo mkononi.

"Na hilo gari lako la kukoroga uji?" Mama akamwambia akiwa amelala juu ya godoro. "Nitafika Mabanga nimekuwa siagi. Wacha niende na Wafula. Lakini nitarudi na Chura, ati. Nitarudi naye siku ameacha kutetemeka. Zena, umesikia?"

"Nimesikia."

"Usimwache baba yako alale. Mkumbushe."

Watu wote wakacheka, hata Baba akacheka. Pikapu ikaondoka, na mkono wa Mama ukabaki umeinuliwa juu ya ubao wa nyuma mpaka walipokata kona. Ahadi ni deni, na kuanzia siku ile mimi nikawa mdai.

Mauntingi za Chura hazikuwepo Kitale. Mwenye duka la spea alizigeuza zile kuukuu mkononi akasema hizi zilikwenda na mkoloni, fundi, tafuta gari lingine. Baba akarudi nyumbani, akachukua tairi la lori lililokuwa likipandwa mboga nyuma ya jikoni, akamwaga udongo, akaanza kukata. Aliazima kisu cha mkata akala. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la maji ya sabuni. Alikata vipande, akavipanga viwili viwili kati ya vyuma, akavibana kwenye vaisi mpaka gundi ikashika, akatoboa matundu ya bolti. Halafu aliweka jeki chini ya injini, kipande cha mbao kati ya jeki na chuma ili asitoboe, akaiinua kidogo tu, akachomoa raba iliyokufa na kuingiza mpya.

Ya kwanza ilikuwa ngumu mno. Gari lilitetemeka kuliko mwanzo. Ya pili aliikata kutoka ubavuni mwa tairi, penye ulaini, na ikawa laini kupita kiasi. Injini ililala upande, feni ikalamba rejeta, tukamwagikiwa maji ya moto. Ya tatu akachanganya ngumu na laini. Akawasha injini. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha Mama kimejaa chai, akakiweka juu ya madigadi.

Nilikodoa macho. Chai ilitulia. Haikuwa na hata kakunjo kamoja usoni.

"Mama anarudi!" nikapiga kelele. Nilizunguka uwanja mzima nikiruka. Baba alicheka, akaninyanyua, akaninukisha oili nguo yangu yote.

Kesho yake alipanda gari la abiria kwenda Mabanga peke yake, ampelekee Mama habari. Nilimsubiri mlangoni. Alirudi kabla ya magharibi, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Chura. Alifungua bonneti. Akachukua spana, akaanza kuzifungua zile mauntingi.

"Baba! Si zimeshapona?"

"Bado linatetemeka," akasema.

Ndipo ikaanza ile kazi isiyoeleweka. Aliunda nyingine, akafunga, akawasha, akaweka kikombe, chai ikatulia, akasema bado. Akafungua. Akaunda nyingine. Magari ya watu yalikaa uwanjani yakiota nyasi, wenyewe wakaja kufoka na kuondoka. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kutupikia, alikuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi akimtazama.

"Kaka, hizo raba utaunda mpaka lini?"

"Gari bado, dada."

"Gari liko sawa na wewe unajua."

"Nimesema bado!"

Sikuwahi kumsikia akimpandishia dada yake sauti. Nikaona Shangazi ndiye mkosefu, anataka Mama aletwe ovyo ovyo, akorogwe tena. Mimi na Baba tulikuwa upande mmoja.

Lakini kile kikombe kilinisumbua. Jioni moja, injini ikinguruma, nilimvuta shati nikamwonyesha. "Baba, chai imetulia."

Akaweka kiganja juu ya madigadi. "Macho yanadanganya. Weka mkono hapa."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Na kweli, ulikuwa ukitetemeka. Mtetemo mdogo mdogo usiokatika, ukipanda kutoka chini ya vidole vyake hadi kwenye kiwiko changu. Nikashangaa kikombe kinavyoweza kudanganya hivyo.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia. Bado."

Akaguna tu, akachukua spana.

Basi nikaamua kusaidia. Raba ya tairi la lori ilikuwa na ugumu wa kazi nzito, nikawaza, na Mama anataka raba ya upole. Nilikuwa na gambuti nyekundu, alizoninunulia Mama kwa ajili ya matope ya Kitale, na wenzangu wanajua matope yale. Nikachukua kisu, nikachovya kwenye maji ya sabuni nilivyofundishwa, nikakata shingo ya gambuti moja. Nikampelekea Baba kipande.

Nilitarajia fimbo. Alikipokea, akakigeuza geuza, akakaa chini pale pale penye oili.

"Ni laini," nikamweleza. "Mama alizichagua mwenyewe."

Alikikata mviringo, akakipanga katikati ya raba nyeusi, akakibana. Nilikiona kwa macho yangu kikiingia, ukingo mwembamba mwekundu.

Kesho yake mchana Shangazi alitoka ndani mbio na simu ya jirani. Simu za mkononi bado zilikuwa za wenye nazo. Aliyepiga ni Mjomba Wafula. Baba alisikiliza, akajibu "ndiyo" kila mara, hakuna lingine. Akairudisha simu.

"Mama Zena anamuulizia mtoto," Shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Kaka, anauliza pia kama gari limepona. Utamjibu nini?"

Baba akaenda kunawa mikono. Alisugua mpaka kwenye kucha. Akafunga bonneti ya Chura, akaifuta kwa shati lake safi, akaniambia, "Vaa viatu, Zena. Limeacha."

Tulishuka Kiminini, Kamukuywa, tukapita Lugulu, tukaja kuibukia Webuye. Chura alikwenda kama anayeteleza juu ya ugali wa moto. Niliimba njia nzima. Nilimwambia kila mtu tuliyempita, hata ng'ombe, kwamba tunakwenda kumchukua Mama.

Na tulipofika Mabanga nikaona sikukosea. Uwanja ulikuwa umejaa watu! Majirani, wamama wa kanisa la Kukhu, watoto nisiowajua. Nguo za Mama zilikuwa zimefungwa kwenye leso, beseni lake limeoshwa, kuku amefungwa miguu. Walikuwa wakiimba taratibu. Sherehe, nikasema moyoni. Wamesikia Chura amepona, wamekuja kuona.

Mjomba Wafula alimtoa Mama ndani akiwa amembeba mikononi. Alikuwa amekonda mno. Niliona kubebwa kwake ni madaha, alivyozoea. Walimweka kwenye kiti chake, wakamzungushia mito na blanketi, nami nikapanda mahali pangu katikati.

Sasa sikiliza. Kwa mila za kina Mama, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona Kukhu akimsalimia Baba kutoka mbali akiwa ameangalia pembeni. Siku hiyo aliwapita watu wote, akaja mpaka upande wa usukani, akafunika kiganja chake kwa leso, akaushika mkono wa Baba. Wamama wa kanisa wakaacha kuimba.

"Nimekulundishia," akasema kwa matamshi ya kwao. "Ni wako. Mpereke kwake."

Baba akainamisha kichwa. Kukhu akazunguka upande wa pili, akamshika Mama mashavu. "Enda porepore, Nekesa."

"Asante, Mayi," Mama akamwambia mama yake.

Nami nilifurahi kupita kiasi! Nikaona hata Kukhu amevunja mwiko kwa ajili ya gari letu.

Tulirudi polepole. Kina boda boda wa baiskeli walitupita wakiwa wamepakia abiria, wakageuka kutucheka. "Baba, kaza!" nikawa namwambia. Hakukaza. Karibu na Kamukuywa, Mama akaomba chai. Nilimimina kutoka kwenye thamosi, nusu kikombe, nikamsaidia kukishika juu ya paja. Tukakitazama sote watatu, hata Baba aliyepaswa kutazama barabara. Chai ilitulia.

"Ona, Baba Zena," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa inacheka. "Halitetemeki. Umeweza, bana."

"Nimechelewa."

"Hujachelewa. Ningekuja na lile la uji?" Akapumua kwanza. "Zena, ulimkumbusha?"

"Kila siku."

"Mtoto mzuri."

Mkono wa Baba ulikuwa juu ya gia, unagusa goti langu. Nikausikia. Ule ule mtetemo mdogo mdogo, bado upo, unapanda kwenye mguu wangu! Moyo ukanipasuka. Nikajua raba yangu nyekundu imeshindwa. Sikusema. Niliubana ule mkono kati ya magoti yangu kwa nguvu zote, usitetemeke, Mama asije akajua akakataa kurudi. Niliubana hivyo mpaka Kitale.

Mama alikaa nasi siku chache, dirisha limefunguliwa amwone Chura. Alifariki Ijumaa asubuhi, nami nikiwa shule. Baada ya sala ya Ijumaa wakamzika. Nilipoambiwa nilikataa. Nilimwambia Shangazi haiwezekani, gari limetengenezwa.

Niliijua kweli nikiwa msichana mkubwa, siku moja tukichambua maharage na Shangazi. Aliisema bila kunitazama. Safari ile Baba aliyokwenda Mabanga peke yake, Mjomba Wafula alimweleza kwamba matibabu yamekwisha. Akamweleza na la Kukhu: binti aliyeolewa hazikwi kwao, ni mkosi kwa boma zima, kwa hiyo gari likipona aje amchukue akamalizikie kwa mumewe. Na Mama hakutaka gari lingine. Alisema aliahidi kurudi na Chura.

"Sasa wewe," Shangazi akaniambia, "ungekuwa yeye, ungelimaliza hilo gari?"

Maharage yakanidondoka yote. Nililia siku ile, na bado nalia. Kila raba aliyoiunda ilikuwa siku moja zaidi ya mke wake kuwa hai mahali fulani, na mimi nilikuwa nikimharakisha. Hakuoa tena. Hakumpakia mtu mwingine kwenye kiti kile.

Jumamosi iliyopita nilipeleka raba Kitale. Fundi kijana aliinua injini kwa jeki na kipande cha mbao, akachomoa zile za Baba, akanipa. Zilikuwa zimegeuka vumbi na nyufa. Katikati ya ile ya kushoto palikuwa na duara jekundu, limebaki na ulaini wake. Nikamwomba alirudishe ndani ya mpya. Akasema, "Sawa madam, wewe ndiye boss," akakata, akabana, akafunga.

Akawasha. Chura akanguruma. Fundi akachukua chupa yake ya maji, akaiweka juu ya madigadi, akarudi nyuma akijisifu.

"Cheki, madam. Maji haisongi. Iko poa kabisa. Nimpigie yule buda wa Nairobi akuje na lori?"

Nikaweka kiganja changu juu ya madigadi, pale pale.

"Bado linatetemeka," nikamwambia.

"Zii, madam, haitetemeki."

"Weka mkono hapa."

Aliuweka juu ya wangu. Akasikiliza kwa muda, kichwa kimeinama. Akanitazama usoni, kisha akaondoa mkono taratibu, akaingia garini na kuzima injini.

"Ni kweli, madam," akasema. "Bado. Tutaiangalia tena wiki ijayo."